Samaki wa dhahabu na joto la kaskazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni samaki wa dhahabu wanaofugwa sebuleni. Tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, hufa mmoja baada ya mwingine katika nyumba kadhaa ninazozifahamu hapa Dar es Salaam, na wenyewe hubaki wakidhani waliuziwa samaki wagonjwa.

Kosa huanzia pale tunapomdhania samaki huyu kuwa ni wa nchi za joto kwa sababu tu ana rangi za kupendeza. Asili yake ni China, ambako alianza kufugwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, naye ni wa jamii moja na samaki wa mabwawa ya baridi wanaoitwa karpu; huko, maji ya juu yakiganda yeye huendelea kuishi chini ya barafu. Maji yanayomfaa ni ya nyuzijoto 18 hadi 22 hivi, ilhali maji ya tangi langu mwezi Februari hufika 30 bila hata kuguswa na jua. Nilipomnunua wa kwanza, muuzaji aliniongezea na hita, akanihakikishia kwamba bila hiyo samaki atakufa kwa baridi. Baridi ya wapi, katika jiji hili? Hita hiyo ingali kabatini.

Joto lenyewe, likipanda taratibu, samaki huyu anaweza kulivumilia kwa kiasi. Kinachomuua upesi zaidi ni kukosa pumzi. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika 30 hubeba kama 7.5 tu, na wakati huohuo mwili wa samaki huhitaji hewa nyingi zaidi kwa sababu joto huuharakisha. Ukimwona ananing'inia juu ya maji akifungua na kufumba kinywa, usidhani anaomba chakula, kwani hapo anatafuta hewa. Kwa hiyo pampu ya hewa ni ya lazima msimu huu, na tangi pana lenye uso mkubwa wa maji ni bora kuliko lile refu jembamba. Yale mabakuli ya duara yanayouzwa kama pambo la mezani sina la kuyasifia: maji yake ni machache, hupata moto haraka, na mdomo wake ni mwembamba.

Kuhusu kupoza maji, bibi zetu walikwisha kutufundisha kwa mtungi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unyevu hupenya na kutoka nje, kisha hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Feni ndogo ikielekezwa juu ya uso wa maji, baada ya kuondoa mfuniko na kuweka wavu ili samaki asiruke nje, hufanya kazi hiyohiyo, na kwangu hushusha nyuzijoto 2 au 3. Wasomaji wa Dodoma watapata nafuu kubwa zaidi, maana hewa yao ni kavu. Sisi wa pwani, tunaoishi katika unyevunyevu, turidhike na hizo chache. Maji nayo hupungua kila siku na inabidi yaongezwe, ila chumvi na uchafu hubaki ndani, kwa hiyo kuongeza peke yake hakutoshi. Sehemu ya maji ya zamani lazima itolewe kila wiki. Maji ya bomba yaachwe kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Barafu niliitumia vibaya, na nakiri. Mchana mmoja wa Februari nilimimina bakuli zima la vipande vya barafu ndani ya tangi. Maji yalipoa ghafla, na kufikia jioni samaki wawili walikuwa wameelea. Siku hizi nagandisha maji katika chupa ndogo ya plastiki, naifunga vizuri na kuiacha ielee tangini, huku nikitazama kipimajoto ili maji yasishuke zaidi ya nyuzijoto 2 kwa saa chache. Umeme ukikatika, na feni na pampu zikasimama, chupa hiyo ndiyo tegemeo, pamoja na kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Ni kazi ya kuchosha, lakini watoto huipenda.

Chakula nacho kipunguzwe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki huoza na kuiongeza. Katika maji ya moto sumu hiyo huwa kali zaidi. Mimi hulisha asubuhi tu, kabla joto halijapanda, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili. Taa ya tangi huizima mchana kutwa, na tangi lenyewe nimelihamisha kutoka karibu na televisheni hadi ukuta wa mashariki, ambao jua la alasiri haliufikii.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba, kabla ya kumfungia mteja samaki katika mfuko wa plastiki, wamuulize atamweka katika chombo cha lita ngapi na kimekaa wapi nyumbani, kisha wamuuzie kipimajoto badala ya hita.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam