Mpwa wangu, kabla hujanunua chombo cha sake, tazama ndani yake

Mpwa wangu,

Nasikia umeanza kuvizia minada ya mtandaoni ukitafuta vyombo vya zamani vya Kijapani vya kupashia na kumiminia sake, yaani pombe yao ya mchele, vile vya bati, shaba, chuma na fedha. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako wengine wenye maswali kama yako. Wauzaji hupiga picha za nje, ila uzima wa chombo cha aina hii uko ndani. Usilipe hata senti kabla hujaonyeshwa kitako chake kwa ndani, penye mwanga wa kutosha.

Kwa kuanzia, tafuta chirori ya bati. Ni kopo refu lenye mdomo na mkono, la go moja au mbili, na go moja ni mililita 180. Bati ninalosema ni lile lenyewe, jeupe na laini, si mabati ya kuezekea. Linayeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo chirori haikai juu ya moto hata kidogo. Chemsha maji, zima jiko, yaache yapoe hadi nyuzi 80 hivi, kisha zamisha chirori mpaka maji yalingane na sake iliyo ndani. Usiijaze hadi ukingoni, maana sake hutanuka ikipata joto. Dakika mbili tatu zinatosha. Wajapani huita nyuzi 40 nurukan, 45 jokan na 50 atsukan. Bati hupitisha joto upesi kuliko udongo, kwa hiyo itoe ikiwa bado nyuzi mbili chini ya unapotaka, itamalizia yenyewe. Hata kama hutakunywa, jua hatua hizi, kwa sababu alama nyingi za uchakavu utakazoziona zimetokana na mtu aliyezikosea.

Sasa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hapa naomba usikilize vizuri. Mafundi wa zamani walichanganya bati na risasi kwa sababu mchanganyiko huyeyuka na kusubiwa kwa urahisi. Hata sheria ya Japani ya vyombo vya chakula iliruhusu risasi nyingi kwa muda mrefu. Mwaka 2008 ndipo kikomo kiliposhushwa kutoka asilimia 10 hadi 0.1. Sake ina asidi, tena inapashwa moto, hivyo chombo chenye risasi ni cha kabatini tu. Rangi haitakuambia lolote. Mizani itakuambia.

Tafuta mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima chombo kikiwa kikavu. Halafu weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga chombo kwa uzi na ukizamishe chote bila kugusa kitako wala ukuta wa bakuli. Namba utakayoisoma ndiyo ujazo wa bati lenyewe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Bati safi hutoa 7.3, risasi ni 11.3. Kwa mfano, chombo cha gramu 292 kikisoma 40.0 majini, jibu ni 7.3, vizuri. Kikisoma 37.0, jibu ni 7.9, na kama ni bati na risasi tu, basi risasi imefika karibu sehemu moja ya tano.

Kipimo hiki kina mitego yake. Kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima, kosa la gramu moja kati ya 40 linatosha kukuchanganya. Mapovu ya hewa yakinasa ndani ya mdomo, ujazo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na risasi inajificha. Kiinamishe chombo majini hadi mapovu yatoke. Mkono ulio wazi ndani, au uliosukwa kwa henzirani, huharibu hesabu kabisa. Tena kuna madini ya antimoni, ambayo ni nyepesi kuliko bati na inaweza kufidia uzito wa risasi. Kwa hiyo 7.9 ni sababu ya kukikataa chombo kwa matumizi, lakini 7.3 peke yake si hati ya usalama. Ukitaka uhakika, mpelekee sonara mwenye mashine ya eksirei ya kupimia madini, na umwombe apime mwili, kisha kiungo cha mdomo, kisha kiungo cha mkono. Mwili unaweza kuwa bati safi na lehemu ya viungo ikawa na risasi.

Alama za chini zisome, ila usizisujudie. 錫 ni bati, 本錫 ni dai la fundi kwamba bati ni halisi. 純銀 ni fedha safi. Mwaka 1929 kiwanda cha sarafu cha serikali ya Japani kilianza kuthibitisha vito na vyombo vya thamani kwa muhuri wa bendera na namba ndani ya umbo la almasi. Chombo cha fedha kisicho na muhuri huo si lazima kiwe bandia, kwani vingi vina alama ya fundi peke yake. Sanduku la mbao lenye maandishi ya fundi, liitwalo tomobako, huongeza bei, lakini masanduku huhamishwa. Kiweke chombo ndani: kikicheza sana au kisipoingia, sanduku ni la kingine.

Ndani ya bati zuri utaona mistari myembamba ya mviringo iliyoachwa na mashine ya kukerezea. Madoa ya kijivu yaliyo bapa hayana neno. Vishimo vyeusi vinavyokwaruza ukucha ni ulikaji wa kinywaji kilichoachwa humo siku nyingi, na havirudi nyuma. Vijitungi vya jozi vilivyowekwa madhabahuni vyenye sake ya kutolea sadaka vikague kwa makini zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Shaba ni habari nyingine. Mji wa Tsubame, mkoani Niigata, unajulikana kwa shaba inayofuliwa kwa nyundo kutoka bamba moja. Karakana ya Gyokusendo ilianza huko mwaka 1816. Vyombo vya shaba vya kunywea hupakwa bati ndani. Ukiona wekundu unachungulia kitakoni, bati limeisha, na asidi ya sake itakula shaba; mpaka kipakwe upya, kiwe pambo. Alama za nyundo pia zitazame: za mkono hazifanani, za mashine hujirudia kwa mpangilio uleule.

Chuma cha kusubu, hasa cha Morioka na Mizusawa katika mkoa wa Iwate, hutoa choshi nzuri mno, yaani birika za kumiminia sake, zenye mkono wa upinde juu na mdomo mfupi. Lakini chuma ni adui wa sake. Ukungu wa koji, unaotumiwa kutengenezea sake, huacha ndani ya kinywaji hicho kitu kinachoshika chuma na kuigeuza rangi ya kahawia, ndiyo maana watengenezaji hawataki maji yenye chuma zaidi ya miligramu 0.02 kwa lita. Choshi yenye kutu ndani itaharibu kinywaji. Usiikwangue kwa waya, utaondoa na urushi, yaani lakeri ya Kijapani, kidogo iliyobaki. Kifuniko cha lakeri au kauri juu ya choshi ya chuma kisikutie shaka, ni desturi ya zamani kuwa na kifuniko cha pili cha kubadilishia mezani.

Vitu vya kabla ya vita ni vichache kuliko utakavyotarajia: mwaka 1941 serikali ya Japani ilitoa amri ya kukusanya madini kwa ajili ya vita, na vyombo vya nyumbani vikaenda na kengele za mahekalu.

Ukishanunua, mwambie muuzaji ajaze karatasi laini ndani ya chombo kabla ya kukifunga, na kifuniko akifunge peke yake. Bati hubonyea hata kwa kidole, na bonyeo karibu na mdomo likisukumwa kurudi, kiungo hupasuka. Kikifika, kijaze maji ya nyuzi 60, kiweke juu ya karatasi kavu kwa saa moja, kisha kagua shina la mdomo na la mkono. Karatasi ikilowa, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo na umtumie picha ya karatasi pamoja na kiungo kilichovuja.