Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi Zanzibar: gari zetu zinakaguliwa, na sisi madereva tukaguliwe

Mheshimiwa Waziri unayesimamia uchukuzi,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam aleikum.

Mimi ni dereva. Huu ni mwaka wa 12 napakia abiria Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, tangu jengo la tatu halijafunguliwa. Naandika kuomba jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: tuchunguzwe.

Mwaka jana, ndege ya Maskati imeshatua na usiku umekwenda, alinijia dada mmoja anayerudi nyumbani baada ya miaka mitatu ya kazi Omani. Masanduku manne, anakwenda Donge, na kaka yake aliyeahidi kumpokea simu haipokei. Tukapatana bei. Alipofika mlangoni mwa gari akasita. "Kaka, samahani. Wewe nitakujuaje?"

Nikatoa leseni. Akaimulika kwa simu, akanirudishia. "Hii inaniambia unajua kuendesha."

Sikuwa na jibu. Nikampigia mke wangu, nikamwamsha, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, wakaulizana ukoo na mtaa, ndipo akapanda. Tulipopita Mahonda akanieleza khofu yake ilikotoka. Safari iliyotangulia, dereva alizima gari gizani kabla ya kufika kwao, akadai aongezewe pesa, na akasema maneno mengine ambayo dada yule hakuweza kuyarudia. Hakushitaki. Angemshitaki nani? Alichokumbuka ni rangi ya gari.

Mheshimiwa, gari yangu inajulikana vizuri zaidi kuliko mimi. Inakaguliwa breki, taa na matairi, ina bima, kila karatasi ina tarehe ya kumalizika. Mimi ninayeshika usukani, kuhusu tabia yangu niliwahi kuombwa barua tu ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, tena mara moja. Na saa nane za usiku anayeendesha mara nyingi siye aliyeandikwa. Mwenye gari kalala, funguo kampa deiwaka, yaani dereva wa kibarua, naye deiwaka akichoka humpa rafiki yake. Abiria anayekwenda Nungwi au Makunduchi anaingia mashambani na mtu ambaye hata mwenye gari hamjui jina la baba yake.

Barua ya sheha siidharau. Lakini sote tunajua muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako. Sheha anaishi na sisi, anasali na sisi, mtoto wake kamuoa mpwa wangu. Atakataaje kuniandikia kwamba mimi mtu mwema? Muhali huohuo ndio unaofanya kesi nyingi za kudhalilisha wanawake na watoto zimalizwe kifamilia, zisifike kituo cha polisi. Kwa hivyo najua kwamba hata kumbukumbu za polisi hazitaonyesha kila kitu. Ila zile zilizofika huko, kwa nini tusizitazame?

Zikitazamwa, zitazamwe kwa alama za vidole. Kwetu majina yanafanana mno: ukitafuta Ali Juma Khamis utapata watu wa shehia nzima, mwema atabebeshwa ya mwovu na mwovu atajificha nyuma ya mwema. Kidole hakina wajina.

Wenzetu walishavutana juu ya jambo hili. Katika mji wa Austin, Texas, kule Marekani, halmashauri iliweka sharti la alama za vidole kwa madereva wanaoitwa kwa programu za simu. Mei 2016 suala likapelekwa kwa wapigakura, nao wakakataa kulegeza sharti hilo. Uber na Lyft, kampuni zenye programu hizo, zikaondoka mjini. Mwaka 2017 jimbo likatunga sheria iliyofuta kanuni za miji, na kampuni zikarudi. Nimelitaja kwa sababu kampuni za aina hiyo zinapenda visiwa vya watalii, na kanuni ni rahisi kuiweka mapema kuliko kumfuata mtu ambaye kashazoea.

Ninaloomba ni hili. Ruhusa ya kupakia abiria uwanjani apewe mtu, kwa jina na vidole vyake, baada ya polisi kumtafuta kwenye kumbukumbu zao, na irudiwe kila baada ya muda. Awe na kitambulisho chenye picha kubwa, kining'inie mbele ya abiria. Getini iandikwe gari gani imetoka na nani, saa ngapi. Deiwaka naye asajiliwe, kwani ndiye anayefanya kazi ya usiku. Gari za hoteli zisiachwe nje, wala uwanja wa Pemba usisahauliwe.

Wenzangu wana khofu mbili na zote ni za haki. Ya kwanza ni ada: ikiwa kubwa, masikini atatoka na mwenye gari kumi atabaki. Ya pili ni kijana aliyefungwa kwa kosa dogo zamani, akatubu, sasa analisha watoto kwa usukani. Huyu asifungiwe mlango. Kanuni itaje makosa yanayomzuia mtu, hasa udhalilishaji, ujambazi na kuendesha amelewa, na aliyekataliwa apate pa kukata rufaa.

Ukiamua kuanza, niite wa kwanza. Niko uwanjani kila usiku isipokuwa kuamkia Ijumaa.

Wako mtiifu,
Dereva wa gari ya abiria,
Kiembesamaki, Unguja.