Malalamiko kuhusu chati yenu ya samaki wa kukaa na siklidi wakubwa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: CHATI YA "SAMAKI WANAOPATANA" NA PAKITI YA "TANGI LA WABABE"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wafugaji wa siklidi wakubwa, yaani samaki wa familia ya Cichlidae, na ni wateja wenu. Tunalalamikia vitu viwili vinavyokwenda pamoja: chati mnayoibandika kwenye kila mfuko wa samaki, na pakiti ya samaki 11 mnayosema itakaa kwa amani ndani ya tangi la lita 200. Pakiti hiyo ina oska mmoja, jagwa mmoja, siklidi wawili wenye mistari myeusi, kambale mkia-mwekundu mmoja na koridora sita, yaani kambale wadogo wa chini. Tumeikagua samaki mmoja mmoja. Hakuna namna ambayo wote hao watafika utu uzima wakiwa pamoja.

Kosa kubwa la chati ni kwamba inampima samaki kwa urefu alio nao siku ya kuuzwa. Siku hiyo karibu wote wana sentimita 5, kwa hiyo wanaonekana sawa. Lakini oska, Astronotus ocellatus, huvuka sentimita 30, na akilishwa vizuri hufika 20 hadi 25 ndani ya mwaka wake wa kwanza. Jagwa, Parachromis managuensis wa Amerika ya Kati, hukaribia 40. Kambale mkia-mwekundu, Phractocephalus hemioliopterus wa bonde la Amazoni, hupita mita 1. Tangi lenu la lita 200 lina urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50. Ndani ya upana huo oska mzima anageuka kwa shida, na kambale huyo hageuki kabisa. Tena kambale huyo hahitaji hata kugombana na mtu: ana kinywa kipana, anawinda usiku, na wenzake anawameza wakiwa wamelala. Hafai kuuzwa kwa mtu mwenye tangi la kawaida la nyumbani, awe na wenzake au awe peke yake.

Koridora ndio wanaotuuma zaidi, kwa sababu chati inawaita "wasafishaji salama". Koridora mzima ana sentimita 5 hadi 7, saizi ya kinywa cha oska wa makamo. Oska anapommeza, koridora husimamisha miiba ya mapezi yake ya ubavuni na ya mgongoni, na miiba hiyo hujifunga ikabaki imesimama. Hukwama kooni. Haendi mbele, harudi nyuma, na mara nyingi wanakufa wote wawili. Anayetaka kambale wa chini akae na oska atafute mwenye mwili ambao kinywa hakiwezi kuuzunguka, kama pleko wa jenasi ya Pterygoplichthys aliyekwisha kufika sentimita 15. Huyo naye atavuka 40, na hilo lazima liandikwe. Mnunuzi aelezwe pia kwamba pleko huyo asiposhiba huweza kuparua ute wa ubavuni mwa samaki bapa usiku, kwa hiyo alishwe chakula chake cha mboga taa zikishazimwa.

Kuhusu wale wawili wa mistari myeusi, Amatitlania nigrofasciata, chati inawapa alama ya "wapole" kwa kuwa ni wadogo. Udogo si upole. Samaki hawa huanza kuzaa wakiwa na sentimita 4 au 5 tu, na wakishataga hulinda mayai na watoto kwa wiki kadhaa, wakimshambulia hata samaki aliyewazidi ukubwa mara tatu. Kwenye tangi la sentimita 100 jozi moja hujitwalia zaidi ya nusu, na waliobaki husongamana kwenye kona moja. Msiseme haiwezekani kujua jinsia dukani. Kwa aina hii jike ndiye mwenye rangi zaidi, ana madoa ya chungwa tumboni, na huonekana mapema. Kama ni lazima wawili wawe pamoja, chagueni dume na dume au jike na jike. Katika pakiti tulizozikagua mlikuwa mmeweka dume na jike.

Jagwa tunamtaja kwa ufupi: ni mla samaki, na wengi wao wakikomaa hawavumilii mwenza yeyote. Hali ni hiyo hiyo kwa Amphilophus labiatus wa maziwa ya Nikaragua, ambaye chati inampa alama ya kijani mbele ya samaki tisa. Kwa hawa wawili jibu la kweli ni "peke yake", na chati yenu haina safu yenye neno hilo.

Sasa tuje kwenye ushauri wa idara yako, kwa kuwa umezidisha madhara. Wateja walioripoti kuumana na mapezi kuchanika walijibiwa waongeze samaki "ili ugomvi ugawanyike". Mbinu hiyo ipo kweli, ila ni ya mbuna wa Ziwa Malawi: samaki wa sentimita 10 hadi 13, wanaojazwa kwa makusudi ili dume mmoja asiweze kushika eneo, tena wakiwa na mawe mengi na chujio kubwa. Ukiihamishia kwa oska na jagwa, kinachoongezeka ni kinyesi. Amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hupanda, samaki aliyejeruhiwa hupumua kwa shida, vidonda huota kuvu. Na hatari hukua kulingana na maji yenyewe: pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikitoka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10. Chati hiyo hiyo inawaweka mbuna tangi moja na oska kwa sababu "wote ni siklidi". Perege naye ni wa familia hiyo hiyo. Undugu wa kisayansi hautoshi. Mbuna hula mwani na hutaka maji magumu, yaani yenye madini mengi, ya pH 7.7 hadi 8.6. Oska anatoka kwenye maji laini na hula vyakula vizito vya nyama, ambavyo mbuna akivila kila siku huweza kuvimba tumbo.

Wengine waliambiwa kuwa samaki wanaoumana midomo "wanachumbiana". Jozi inayopimana hufanya hivyo, ni kweli, lakini hata jozi inaweza kuvunjana taya, na wapinzani hufanya vivyo hivyo wakipigana. Cha kutazama ni kinachofuata. Mmoja akitoka amepauka au amekuwa mweusi, akajibanza juu kwenye kona karibu na hita, akakunja mapezi na asije kwenye chakula, aondolewe siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo sababu anayefuga samaki hawa anahitaji tangi la akiba lenye chujio lililokwisha kukomaa, yaani lenye bakteria wa kutosha wa kuondoa amonia, au kizuizi cha kuwatenganisha samaki ndani ya tangi. Vipande vya wavu wa plastiki ngumu wa taa za dari vinafaa, mradi vibanwe pande zote mbili. Kizuizi kilichoegeshwa tu, oska hukisukuma kwa kichwa mpaka kianguke.

Mnauza pia samaki wadogo wa dhahabu kama chakula cha siklidi, na mnawasifu kuwa "hupunguza hasira". Hawapunguzi. Miili yao ina kimeng'enya cha thiaminezi kinachoharibu vitamini B1, na mara nyingi huja na vimelea kutoka kwenye matangi yaliyojaa kupita kiasi. Punje bora, kamba, minyoo ya ardhini na vipande vya samaki visivyo na thiaminezi vinatosha.

Hatusemi siklidi mkubwa hawezi kuwa na wenzake. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani takriban lita 650, linaweza kubeba oska mmoja, siklidi aina ya Heros efasciatus mmoja, pleko mmoja na kundi la Metynnis sita. Metynnis ni bapa kama sarafu, wana mbio, na wanaogelea katikati ya maji, jambo linalomtuliza oska kwa kumwonyesha kuwa hakuna hatari. Wasipungue watano, la sivyo huishi kwa hofu, na wawe wamefika angalau sentimita 8 wakati oska bado mdogo. Mimea wataila yote. Chujio lizungushe lita 4,000 hadi 5,000 kwa saa, maji yabadilishwe asilimia 40 hadi 50 kila wiki, nitrati, yaani mabaki ya amonia iliyokwisha kubadilishwa na bakteria, isipite miligramu 40 kwa lita. Hita ya kioo ivalishwe kinga, kwa sababu oska huivunja.

Utaratibu wa kuwaingiza nao haumo kwenye chati, ingawa ndiko wengi wanakokosea. Pakiti inamfanya mtu awamwage wote 11 mara moja kwenye tangi jipya, wakati bakteria wa chujio huhitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa. Mpole huingia kwanza, mbabe mwisho. Samaki mgeni atengwe wiki 4. Siku ya kumwingiza, mawe na magogo yapangwe upya ili mwenyeji apoteze mipaka yake, taa zizimwe, na kizuizi kikae wiki moja au mbili wakionana bila kugusana.

Dhamana yenu ni ya siku 14. Ndani ya siku hizo samaki wengi wa sentimita 5 hawajaanza chochote. Vurugu kubwa huja miezi baadaye, wanapokomaa. Hivyo dhamana inaisha kabla kosa la chati halijaonekana, na gharama yote inabaki kwa mnunuzi na kwa samaki.

Tunaomba pakiti hiyo iondolewe sokoni na chati ifutwe kwenye mifuko. Kila mfuko uandikwe urefu wa samaki akiwa mzima, kipimo cha chini cha tangi kwa urefu na upana badala ya lita pekee, kiwango cha pH, na neno "peke yake" kwa wanaostahili. Walionunua pakiti warudishiwe fedha zao bila kujali siku 14. Na duka lipokee kambale mkia-mwekundu wanaorudishwa, ili wasiishie kutupwa mitoni na watu walioishiwa nafasi.

Tunasubiri majibu ya maandishi.

Wenu,
Wafugaji wa siklidi wakubwa