Usimsahau Ledley King

Dar es Salaam

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, watoto wanakua, na shemeji yako anakusalimia sana. Mama mfikishie shikamoo yangu, mwambie ule mzigo wake nitautuma na basi la Ijumaa.

Orodha yako ya mabeki wa kati wa Kiingereza nimeisoma. Bobby Moore, hapo hakuna mjadala. Tony Adams, Sol Campbell, Rio Ferdinand, John Terry, sina ugomvi na hata mmoja wao. Ila umemwacha Ledley King, beki wa Tottenham, ukasema huwezi kumweka mtu aliyeshinda hospitali kuliko uwanjani. Hilo limenikaa rohoni tangu barua yako ifike, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa kirefu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza, alicheza. Mechi 323 kwa Tottenham, mashindano yote, na 268 kati ya hizo ni za ligi. Hakuwahi kuvaa jezi ya klabu nyingine akiwa mchezaji wa kulipwa. Alizaliwa Oktoba 1980 na kukulia Bow, mashariki ya London, akachezea Senrab, timu ile ile ya vijana aliyopitia John Terry. Spurs, yaani Tottenham hao hao, walimchukua 1996 akiwa kijana, na Mei 1999 wakamwingiza uwanjani kwa mara ya kwanza, tena Anfield, dhidi ya Liverpool. Walifungwa 3-2. Alikuwa na miaka 18.

Mwanzoni walikuwa wakimpanga mara nyingi katikati, kiungo, na hapo ndipo lilipotokea lile bao lake dhidi ya Bradford la Desemba 2000. Mpira umeanzishwa, watu hawajakaa vizuri, King kashafunga, chini ya sekunde 10. Rekodi ya bao la haraka kuliko yote Ligi Kuu ya Uingereza ilikaa kwa jina lake zaidi ya miaka 18, mpaka Shane Long wa Southampton alipoivunja Aprili 2019. Mwalimu, washambuliaji wote waliopita pale, na rekodi ilikuwa ya beki! Bao lenyewe halikuwapa ushindi, mechi iliisha 3-3.

Halafu kikaja kiangazi cha 2001. Sol Campbell, nahodha wa Spurs na beki wao mkubwa, alimaliza mkataba wake akaenda Arsenal bure. Wewe unajua uhasama wa timu zile mbili, sina haja ya kukueleza mashabiki walivyolipokea jambo lile. Aliyebaki kuziba pengo ni kijana wa miaka 20. Alilibeba bila kelele, na nadhani ndiyo sababu watu wa White Hart Lane, uwanja wa Spurs, walimpenda kwa namna ambayo sijaona mchezaji mwingine akipendwa. Mwaka 2005 akawa nahodha.

Sasa nikueleze ninachokipenda kwake, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. King hakuwa beki wa kushika jezi. Hakuwa wa kusukuma mtu kwa kiwiko wala wa kumpiga mshambuliaji teke la kwanza ili amtishe, kama tulivyofundishwa sisi. Kadi zake za njano zilikuwa chache mno kwa mtu anayecheza namba ile. Alikuwa anasimama. Mshambuliaji anakuja na mpira, King anarudi nyuma taratibu, mwili kaugeuza upande, anamfungulia njia moja tu, ile ya kwenda pembeni. Mshambuliaji anadhani amechagua mwenyewe. Akifika huko anakuta mguu mrefu umeshafika, mpira haupo, na King ameinua kichwa anatafuta wa kumpasia. Thierry Henry, aliyewatesa mabeki wa Uingereza kwa miaka, alimsifu King kwa jambo hilo hilo, kwamba hamshiki mtu na bado mpira anauchukua.

Na Henry alikuwa na sababu ya kusema. Kumbuka Euro 2004, mechi ya kwanza ya kundi, Lisbon, Uingereza na Ufaransa. Terry alikuwa majeruhi. King, ambaye mechi zake za timu ya taifa zilikuwa bado za kuhesabika, akapangwa kumkabili Henry akiwa katika ubora wake. Dakika tisini Henry hakupata nafasi ya kupumua upande wa King. Uingereza waliongoza kwa bao la Lampard mpaka mwisho kabisa, ndipo Zidane akafunga mpira wa adhabu na penalti, wakapoteza 2-1. Kwa sababu ya yale mabao mawili, hakuna anayezungumzia kazi aliyoifanya King siku ile. Mechi ile ingeisha 1-0, leo usingemwacha kwenye orodha yako.

Lakini kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazama Spurs na Chelsea, Novemba 2006. Mimi niliitazama kwenye kibanda umiza, kimejaa, wengi wao Chelsea. Arjen Robben aliponyoka na mpira, mbele yake kabaki kipa Paul Robinson peke yake. Watu wa Chelsea walishasimama, benchi la mbele halionekani tena, jamaa aliyekuwa karibu yangu mikono juu tayari. King anatoka nyuma na zile hatua zake ndefu, kila hatua pengo linapungua. Wakaingia ndani ya boksi. Hapo beki akigusa mguu kabla ya mpira ni penalti na kadi nyekundu, hakuna msamaha. Beki mwingine angejirusha mapema kwa hofu. King akavuta hatua moja zaidi, mpaka Robben alipojiandaa kupiga, ndipo akateleza na kuuchomoa mpira peke yake. Robben hakuguswa. Kibanda kizima kilinyamaza, kisha hata wale wa Chelsea wakaanza kupiga makofi. Spurs walishinda 2-1, na ilikuwa mara ya kwanza kuifunga Chelsea kwenye ligi tangu 1990.

Ukiitazama, kumbuka kwamba goti lake lilikuwa limeshaanza kuisha.

Gegedu la goti lake la kushoto lililika mpaka mfupa ukawa unagusana na mfupa. Kitu hicho hakioti tena kama nywele. Alifanyiwa upasuaji, akapumzishwa, akarudi, goti likavimba tena. Kombe la Dunia la 2006 alilikosa kwa kuvunjika mfupa wa mguu. Msimu wa 2007/08 sehemu kubwa alikuwa nje. Alirudi katikati ya msimu, na Februari 2008 akaingia Wembley kama nahodha kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea ya Drogba. Drogba alifunga kwanza kwa mpira wa adhabu, Berbatov akasawazisha kwa penalti, na Woodgate akafunga kwa kichwa dakika za nyongeza. King akapanda kulichukua kombe pamoja na Robbie Keane, wakalinyanyua wote wawili. Spurs hawakushika kombe jingine mpaka Mei 2025, pale Bilbao, walipoifunga Manchester United fainali ya Europa League. Kwa miaka 17, picha ya mwisho ya Tottenham na kombe ilikuwa ya King na Keane.

Kocha Harry Redknapp alipokuja Spurs Oktoba 2008 alikuta mchezaji asiyeweza kufanya mazoezi. Simaanishi kwamba alikuwa anapunguziwa. Wenzake wakiwa uwanjani katikati ya wiki, King yuko kwenye bwawa anaogelea, au ndani kwenye mashine. Hakimbii, hapigi mpira. Siku ya mechi anavaa jezi namba 26, anasimama mbele ya washambuliaji waliofanya mazoezi wiki nzima, na anawazidi. Mechi ikiisha goti linavimba, anaanza upya kulituliza. Kwa hiyo mechi mbili ndani ya wiki moja ilikuwa shida. Redknapp alikubali kuishi hivyo, akawa anachagua mechi za kumtumia, na naona alifanya uamuzi sahihi. Msimu wa 2009/10 King alicheza mechi 20 za ligi na Spurs wakamaliza nafasi ya nne, wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Ile mechi iliyoamua, ugenini kwa Manchester City Mei 2010, bao la Peter Crouch, King alikuwepo na Michael Dawson pembeni yake, na City hawakupata kitu.

Kutokana na hiyo, Fabio Capello, kocha wa Uingereza, akamchukua kwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini. Hapa moyo wangu unauma mpaka leo. Mechi ya kwanza, Rustenburg, dhidi ya Marekani, King alianza. Kipindi cha kwanza kilipoisha hakurudi. Nyonga ilikuwa imemshika, akaingia Carragher, na Kombe la Dunia la King likaishia hapo, dakika 45. Hakuvaa tena jezi ya Uingereza. Mechi 21 tu kwa taifa, kwa mtu ambaye mimi, kwa dhati kabisa, namweka juu ya Terry. Terry alikuwa shujaa wa kujitupa mbele ya mpira, simnyimi haki yake. Ila Terry alijitupa mara nyingi kwa sababu alichelewa, na King alikuwa hachelewi.

Julai 2012 alitangaza kustaafu. Miaka 31. Mei 2014 wakamchezea mechi ya kumuaga White Hart Lane, na 2020 José Mourinho, aliyekuwa kocha wa Spurs, akamwita kwenye benchi lake la ufundi kwa msimu mmoja. Bado yupo pale pale klabuni, balozi wao.

Sasa nifike kwenye lile ulilolitaja mwishoni mwa barua yako, kama jambo dogo. Mwalimu, si dogo. Kijana wako namba tano, beki wa kati, miaka 16, goti linavimba kila baada ya mechi, na wewe unaniuliza kama bandeji ya kubana inatosha kumvusha mpaka Umisseta, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Haitoshi. Nakuomba sana usimchezeshe. Najua mkuu wa shule anataka kikombe, najua kijana mwenyewe atakuambia haumii, wote husema hivyo. King alikuwa mtu mzima, mwenye mkataba na madaktari wa kumwangalia kila siku, na bado alilipa kwa goti ambalo halitapona. Kijana wako ana wewe tu. Na goti la mtoto anayekua huenda bado linatibika likiwahiwa, ndiyo maana haraka hii.

Fanya hivi. Anza na hospitali ya Bombo hapo Tanga, wampige picha, upate barua ya rufaa. Wakiona ni lazima, mlete huku MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, atalala kwangu, chumba cha watoto kina nafasi, na nauli nitaituma kwa simu siku ukiniambia. Wazazi wake waeleze wewe mwenyewe, uende nyumbani kwao, usiwatumie ujumbe.

Na asikae tu akiwa anapona, atakata tamaa. Umesema hana mbio na ndiyo sababu anawakimbiza watu na kuwaumiza, na kujiumiza. Basi huu ndio muda wa kumfundisha beki ya King. Nimeziweka zile video kwenye memori kadi, zitakuja na mzigo wa mama: Robben, mechi ya Ufaransa, na nyingine chache. Simamisha video pale King anapoanza kugeuza mwili, muulize kwa nini ameacha upande ule wazi. Asitazame mpira, atazame miguu ya King kabla mpira haujafika. Usimwambie jibu, mwache alitafute.

Kisha jioni mkiwa mazoezini mwekee kiti pembeni ya uwanja, awe anakutajia mpira utapigwa wapi kabla haujapigwa. Mara za kwanza atakosea sana. Mvumilie, na mwambie kwamba kuna mtu aliyeishi hivyo miaka, bila kufanya mazoezi na wenzake, kwa kusoma mchezo tu. Akianza kupatia, na majibu ya picha yakiwa tayari, niandikie yote mawili kwa pamoja.

Na kwenye orodha yako mtoe umtakaye. Nafasi ya King naidai.

Wako,
rafiki yako wa siku zote