Omaha ya Jumamosi, dau dogo

Wadau habari zenu, naona bado kuna watu wanacheza Omaha (aina ya poka) kama vile ni Holdem (ile poka ya karata 2 mkononi), tukumbushane kidogo. Una karata 4 mkononi lakini LAZIMA utumie 2 kamili, na 3 za mezani, basi. Yaani mezani zimelala shupaza 4 na wewe una ree ya shupaza peke yake, huna flashi (karata 5 za alama moja) hapo, usianze kushangilia 😂

Halafu hii ni limit, dau lina kipimo chake kwa hiyo kumtisha mtu akimbie ni ngumu, kwenye meza yetu lazima kuna mmoja atafuata tu hata kwa jozi ya saba, so mikwara wekeni pembeni. Pesa inatoka kwa kushika mkono wa juu kabisa na kupandisha dau wakati wenzako wanafuata na flashi za wastani.

Karata za kuanzia chagueni zinazosaidiana, mfano ree mbili na kila moja ina mwenzake wa alama yake, yaani shupaza kwa shupaza. Nne zisizojuana tupa, haijalishi kuna mfalme ndani.

Ukisubiri flashi inayoongozwa na ree baada ya zile 3 za kwanza za mezani, yaani una 2 za alama hiyo na mezani zipo 2, zimebaki 9 za kukuokoa kati ya 45 usizoziona, ni moja kwa tano, kwa hiyo fungu (pesa zote zilizowekwa mezani) likizidi mara 4 ya unacholipa fuata bila stress.

Tunaanza saa 2 usiku, kiti hakishikiwi mtu.