Barua kwa mwanangu: ile asilimia 30 uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu ulishtuka kwamba majibu ya damu yanasema transferini yako imejaa madini ya chuma kwa asilimia 30 tu. Nilikujibu "usijali" nikakata, nilikuwa kazini. Sasa nimetulia.

Asilimia 30 ni kawaida kabisa. Transferini ni protini inayobeba chuma kwenye damu; hutengenezwa na ini, na kila moja ina nafasi mbili, kila nafasi ya atomu moja ya chuma. Mtu mwenye afya hukaa na nafasi nyingi wazi, na ndivyo inavyotakiwa. Chuma kinachozurura peke yake kikikutana na hidrojeni peroksaidi huzaa kemikali kali zinazounguza utando wa seli, na bakteria nao hukitafuta kwa udi na uvumba. Nafasi zilizo wazi ndizo zinazokidaka.

Kinachonifurahisha mimi ni namna kinavyoshikwa. Ndani ya nafasi ile amino asidi nne, yaani vipande vinavyojenga protini, hukibana chuma: tairosini mbili, histidini moja na aspateti moja. Lakini chuma hutaka kushikwa pande sita. Mbili zilizobaki huzibwa na kabonati, kitu kidogo tu, ila kikikosekana chuma hakishikiki sawasawa. Kisha protini hujifunga juu yake kama chaza. Nikiwa chuoni tuliweka chuma kwenye maji ya transferini tupu, yasiyo na rangi, yakageuka mekundu ya kupauka. Niliiomba ile chupa mara mbili niitazame tena.

Kutoka je, maana kimebanwa hivyo? Transferini yenye mzigo hunasa kwenye kipokezi juu ya seli, hasa seli changa za uboho zinazotengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Seli huimeza nzima, ikaifungia kwenye kifuko, ikapampu asidi humo mpaka pH, kipimo cha asidi kinachoshuka asidi inapozidi, ishuke kutoka 7.4 hadi karibu 5.5. Chaza hufunguka, chuma kikatoka. Transferini yenyewe haiyeyushwi: hurudishwa nje tupu, ikigusa damu inaachia kipokezi na kwenda kusaka mzigo mwingine.

Na ina kazi! Wakati wowote transferini zote mwilini zimebeba miligramu 3 au 4 tu za chuma, ilhali uboho hudai zaidi ya 20 kwa siku. Kingi kati ya hicho hutoka kwenye chembe nyekundu zilizozeeka. Cha kwenye chakula ni kidogo mno.

Nirudi kwako. Chuma kikipungua, ini huongeza transferini, na asilimia hiyo huanguka chini ya 20. Yako haijafika huko. Lakini chuma cha kwenye damu hupanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo, kwa hiyo nilikujibu haraka mno. Ulitolewa damu asubuhi au jioni? Ulikuwa unameza vidonge vyovyote vya chuma? Na feritini, ile inayoonyesha akiba, waliipima? Nitumie picha ya ukurasa wa pili.

Mama yako