Baba yako hafi njaa

Mwanangu Elinami,

Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, na habari ulizopata kwa baba yako mdogo, kwamba tangu apatwe na shambulio la moyo huku Moshi tunamlisha kaka yake majani kama mbuzi, nataka uzisikie kutoka kwangu.

Leo mchana baba yako amekula kiburu, akaongeza. Maharage niliyaloweka jana usiku, nikayachemsha mpaka yakalainika, ndipo nikatia ndizi mshare. Kitunguu nakikaanga kwa maji: sufuria ikishapata moto natia kitunguu kitupu, kikianza kushika natia kijiko cha maji, yakikauka naongeza kingine, mpaka kinageuka kahawia na kunukia. Halafu nyanya, tangawizi, na limao mwishoni. Magadi nimeyaacha kwa sababu yana sodiamu kama chumvi, naye ana presha. Pembeni kulikuwa na mnafu na kipande cha papai. Ndicho chakula alicholelewa nacho kwa bibi yako Kibosho, enzi nyama ilipokuwa ya sikukuu.

Uliuliza kwa nini hata kijiko kimoja cha mafuta tunamkatalia. Si kila mgonjwa wa moyo anaambiwa hivyo. Sisi tumechagua njia kali, na daktari wake anaijua. Mwaka 1990 Dkt. Dean Ornish wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Waliwagawa wagonjwa 48 makundi mawili. Kundi moja lilikula chakula kisicho na nyama, mafuta yakiwa kama asilimia 10 tu ya kalori zote, likaacha sigara, likafanya mazoezi na kujifunza kutuliza mawazo. Baada ya mwaka mmoja maumivu ya kifua yalikuwa yamepungua sana, na kwa wengi wao mishipa ya moyo ilionekana kufunguka kidogo. Kidogo, narudia, na wagonjwa wenyewe walikuwa wachache. Lakini kwa kundi la pili, kwa ujumla mishipa ilizidi kuziba.

Sasa piga hesabu. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 yake ni gramu 22 hivi za mafuta. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14, na maharage, ulezi na mahindi navyo vina mafuta yake. Ukishamimina kijiko kimoja kwenye mboga, umebakiwa na nini?

Mafuta ya nazi uliyotuma yalitufikia, asante baba yangu, ila sitampikia. Yametoka kwenye mmea, ni kweli, lakini karibu yote ni mafuta yale yanayoganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya kama samli. Na vile vidonge vya "kusafisha mishipa" usinunue tena. Baba yako anameza dawa zote alizoandikiwa hospitali, ya kushusha kolesteroli na aspirini ndogo, na hakuna mchicha utakaochukua nafasi yake. Nimeuguza watu miaka mingi, nimewaona walioacha dawa kwa sababu walijisikia nafuu. Kwa kuwa hali nyama, mayai wala maziwa, anatumia pia vitamini B12, maana mboga na nafaka hazina.

Asubuhi tunatembea, yeye na mimi, kwenye njia ya tambarare kuelekea Rau; kupandisha mlima bado. Nusu saa, siku tano kwa wiki, zile dakika 150 wanazoshauri wataalamu. Mwendo naupima kwa mazungumzo: aweze kuniongelesha, ila asiweze kuimba. Kifua kikibana tunasimama hapo hapo, na kidonge cha kuweka chini ya ulimi kiko mfuko wa shati. Kisipotuliza, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri kupambazuke.

Kinachomchosha ni watu. Kwenye harusi sahani yake ikija bila nyama wanadhani mwenyeji amemdharau, basi mara tatu nne anaelezea, na kila mzee ana ushauri wake. Siku hizi nawapigia wenyeji mapema. Ndafu ya Krismasi msiiache kwa ajili yetu; wageni wachinjiwe kama kawaida, yeye nitampikia ng'ande. Ninachoomba ni kwamba ukifika usimkatie "kipande kimoja tu, mzee". Anakupenda, hataweza kukukatalia.

Na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Baba yako alipatwa na shambulio la moyo akiwa na miaka 54. Mwanamume akipatwa kabla ya 55, wanawe nao huhesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wewe unashinda kwenye kiti, usiku chipsi mayai, wikiendi kitimoto, na presha yako hujui ikoje. Sikuambii uanze kula kama yeye. Nakuomba kabla hujakata tiketi ya kuja huku uende ukapime presha, sukari na mafuta kwenye damu, na umwambie daktari habari ya baba yako pamoja na umri aliokuwa nao. Kisha unitumie majibu yenyewe, namba kwa namba. "Yako sawa" sitaipokea.

Mama yako